Wastaafu wenzangu, siku tunazo sisi

Haya niliyasema Jumamosi kwa mkutano wetu wa wastaafu hapa Buruburu, kwa ukumbi wa kanisa. Wengine mliniomba niyaandike ndio muwatumie wale hawakufika, basi nimeyaandika vile niliyasema, na pale mvua ilipiga mabati tukashindwa kusikizana nimepamalizia hapa.

Wazee wangu, kina mama, dada zangu, habari za mchana. Asanteni kwa kunipa nafasi. Mwenyekiti aliniambia niongee kuhusu sikukuu na kusafiri na watu wetu sasa tukiwa tumestaafu, nikamwambia hio naiweza, kwa sababu nimekaa miaka 36 nikitamani sikukuu nikiwa upande ule mwingine wa dirisha.

Mnaonijua mnajua nilikuwa nesi. Niliingia wodi 1982 nikatoka 2018. Ningetoka mapema kidogo, mnakumbuka serikalini tulikuwa tunastaafu tukiwa 55, halafu 2009 ikapandishwa ikawa 60, na mimi nilikuwa nishaanza kuhesabu miaka iliyobaki, nikaongezewa mingine mitano. Sasa, kwa hizo Krismasi zote 36, zile nilikula nyumbani na watu wangu ni 9. Nilikaa siku moja na kalamu nikazihesabu. Zingine zote nilikuwa zamu. Rosta ya Disemba ilikuwa inabandikwa kwa mlango wa ofisi ya metroni mwisho wa Novemba na sisi wote tunakimbia kuangalia, na ukiona jina lako limeangukia tarehe 24 usiku unajua tu, mwaka huu tena watoto wataenda na baba yao. Wanapanda bas na mizigo, mimi nawapungia mkono pale steji nikiwa na yunifomu chini ya koti, halafu natembea kwenda kazini.

Sisemi kwa uchungu. Wagonjwa hawana likizo, na kuna Krismasi za wodini ambazo sitazisahau. Lakini nilijiambia kitu kimoja miaka hio yote, kwamba siku nikistaafu nitaenda nyumbani Vihiga, nitatandika meza, na watoto wangu wote watakuja, na nitakaa nao mpaka nitosheke.

Basi 2018 nikastaafu, na Krismasi ya kwanza ikafika. Mzee wangu alikuwa ametuacha mwaka mmoja kabla, Mungu amweke mahali pema, kwa hivyo nilitaka zaidi watu wajae kwa hio nyumba. Nilienda tangu tarehe moja. Nikapaka rangi sebule, nikanunua kuku saba wa kienyeji nikawafungia, nikaweka unga wa ngano kilo kumi, nikaazima viti kwa jirani. Tarehe 23 simu zikaanza. Mkubwa anasema mama, kazini wamenikatalia ofu. Wa pili anasema nauli ya bas imepanda karibu mara mbili na wao ni watu watano, kwenda na kurudi, mama hatutaweza. Wa tatu ameenda kwa wakwe, na hio ni haki yao pia. Nilikula Krismasi na jirani mmoja na mtoto wake. Kuku sita wakabaki wakitembea tu kwa boma, na kila nikiwaona nalia.

Sasa kitu kilinishika usiku ule, na ndio maana nimesimama hapa. Nilikumbuka mama yangu. Miaka hio yote mimi nikiwa zamu, yeye alikuwa anatandika meza ananingoja, na mimi napiga simu, mama kazi, mama nauli. Yale nililia nayo usiku mmoja yeye aliyabeba miaka 27. Na nikajiuliza, hawa watoto wangu sasa wako pale nilikuwa, wamebanwa na rosta, na ada za shule za Januari zinawaangalia, mimi ndiye sina mtu wa kuniuliza niko wapi kesho asubuhi. Mbona mwenye siku anamngojea asiye na siku? Mimi ndiye ninafaa kusonga.

Wazee wangu, hapa naomba mnisikie vizuri. Kuna wengi wetu hapa tunaingia Disemba tukiwa tumekaa kwa mlango tunaangalia barabara. Tunakasirika. Tunasema hawa watoto wa siku hizi hawana heshima, zamani sisi tulikuwa tunaenda. Lakini zamani kwenda ilikuwa rahisi kiasi gani, na tulienda mara ngapi kweli? Kila mtu ajihesabie kwa kalamu kama mimi.

Sisi nyumbani kwetu tulihamisha Krismasi. Nilianza 2019. Niliwaita watoto wote nikawaambia, hii sherehe yetu ya kukutana mashambani tuitoe kwa tarehe 25 Disemba, tuiweke Novemba, shule zikishafungwa. Kanisani tarehe 25 tutaenda kila mtu mahali yuko, hio haihami, Yesu hajahamishwa. Lakini ile ya chapati na kuku na kulala watoto kumi kwa chumba kimoja, hio ni yetu na tunaweza kuiweka siku yenye tunaweza kufika. Muhula wa tatu unaisha mwisho wa Oktoba ama mwanzo wa Novemba, bas bado ziko bei ya kawaida, barabara ya Nakuru haijasongamana, na bosi wa mtoto wangu hana shida kumpa siku mbili za Novemba, shida yake ni Disemba. Mimi natangulia na wajukuu wiki nzima, wazazi wao wanakuja tu ile wikendi. Corona ikatuvuruga, shule zikawa zinafunguliwa na kufungwa miezi ya ajabu, lakini tangu 2023 kalenda iliporudi sawa, na sisi tumerudi Novemba yetu.

Na nani alisema mila ni tarehe? Sisi Magharibi mnajua Krismasi yetu ilikuwa na vitu vyake, kuku lazima, firigisi ni ya mwenye boma hakuna mtoto anaigusa, nguo mpya, na tarehe 26 watu wanateremka Mbale, ile ya kwetu Vihiga, kwa sherehe za utamaduni wa Maragoli. Hio ya Mbale nikitaka naenda peke yangu, na nimeenda mara mbili na dada yangu, tumekaa chini ya mwavuli tumesikiza ngoma mpaka jioni. Hakuna kitu kimepotea.

Wacha niwaambie venye huo usiku wa chapati unakuwa, kwa sababu ndio naupenda kuliko yote. Ni Ijumaa, wazazi wako njiani wanakuja. Nakanda unga kwa karai kubwa ile ya bluu ya mama yangu, maji ya uvuguvugu, chumvi, mafuta kidogo, naukanda mpaka ukibonyeza na kidole unarudi juu polepole. Halafu nafunika na kitambaa. Wajukuu wananawa mikono wanapanga foleni, kila mmoja anapewa donge lake. Mdogo ana miaka mitano, chapati yake inatoka kama ramani ya nchi haijulikani, na sheria ya nyumba ni kwamba chapati ya mtoto haikunjwi irudiwe, inapikwa vile iko na yeye ndiye anaamua ataipea nani. Mwaka jana alimngoja baba yake mpaka saa tano usiku, amelala kwa kiti na sahani imefunikwa kwa magoti yake, na baba yake alipoingia kwa mlango akaila akiwa amesimama, hata chai hajamiminiwa, koti bado liko mwilini. Mimi niliona uso wa kijana wangu pale. Mtu mzima, ana mvi kidogo hapa pembeni, anakula chapati ngumu ya baridi na anatabasamu. Nikasema hata ningengoja miaka mingine 36 kwa hii.

Sasa nirudi kwa kazi yangu kidogo, sababu mtu hawezi kufurahia safari akiwa mgonjwa. Mimi mwenyewe nilifanya kosa na mimi ndiye nesi. Nilipanda bas moja kwenda nyumbani, kijana wa mizigo akachukua begi akaitupa kwa buti, na dawa zangu za presha ziko ndani. Bas ikaharibika katikati ya njia, tukahamishwa kwa ingine, mizigo ikabaki ikaletwa kesho yake jioni. Siku mbili bila dawa, kichwa kinapiga kama ngoma. Kwa hivyo sheria yangu ya kwanza, dawa zinakaa kwa mkoba, mkoba unakaa kwa magoti, na unabeba za siku kadhaa zaidi ya zile utakaa. Wenye kisukari, insulini isiende buti kabisa, joto linaiharibu, na mkoba uwe na kitu cha kula, ndizi, biskuti, maana msongamano wa magari haujui saa yako ya chakula.

Na kuna jambo watu wanaona aibu kulisema. Wengi wetu tunameza ile dawa ya presha ya kukojoa, na siku ya safari mtu anairuka kimya kimya kwa sababu bas haisimami. Ama anakataa kunywa maji. Tafadhali msifanye hivyo kiholela. Muulize daktari kabla ya safari kama unaweza kuimeza saa tofauti siku hio, ni swali la kawaida, hakuna mtu atakucheka. Kukaa masaa manane bila kunywa na bila kusimama, kwa umri wetu, damu inaweza kuganda kwa mguu. Gari likisimama Nakuru shuka, tembea, rudi. Ukiwa umekaa zungusha vifundo vya miguu. Na ukirudi uone mguu mmoja umefura na unauma, usipake mafuta ya kuchua, nenda hospitali siku hio hio.

Halafu wajukuu. Watoto wamezaliwa Nairobi hawana kinga ya malaria kama ile sisi tulikuwa nayo tukikulia kule. Januari zangu zote za wodi ya watoto nilikuwa napokea watoto wamerudi kutoka ziwani na Magharibi wana homa, na mama anasema ni mafua ya safari. Walale kwa neti, na homa yoyote wakirudi wapimwe, na umwambie daktari mtoto alikuwa ametoka mashambani, kwa sababu asipojua anaweza kufikiria kitu kingine.

Nimeongea sana juu ya familia, lakini safari si za familia tu. Kuna wenzetu hapa hawana watoto, kuna wenye watoto wako Marekani na Uingereza, kuna sisi wajane. Mzee wangu na mimi tulikuwa na mpango mmoja tu mkubwa, nikistaafu tutapanda ile reli mpya twende tuone bahari pamoja. Reli ilifunguliwa 2017, na mwaka huo huo akaenda. Nilikaa na hio tiketi ambayo haikununuliwa moyoni miaka mingi, nikasikia kama nikienda peke yangu nitakuwa nimemwacha.

Kilichonitoa ni chama. Tuko wanawake 12, wengi tulifanya kazi pamoja, tunaweka 1,500 kwa mwezi kila mtu, na hio pesa haikopeshwi, haiendi kwa matanga wala harusi, ni ya safari peke yake. Kwa mwaka mtu ana 18,000. Mwenzetu mmoja tuliyefanya naye zamu miaka mingi ni mtu wa Mombasa, alirudi kwao Kibokoni akistaafu, akatuambia 2024 mje mle Idd kwangu. Miaka yote wodini yeye ndiye alikuwa anajitolea kuchukua zamu ya Krismasi ndio mmoja wetu aende nyumbani, na sisi tunamfanyia ya Idd. Mnaona? Tulibadilishana sikukuu miaka ishirini lakini hatukuwahi kukaa meza moja siku ya sikukuu.

Tukaenda. Daraja la kawaida la treni lilikuwa 1,500 tangu bei ilipopandishwa Januari ile ya 2024, kwenda na kurudi 3,000. Nyumba tulikodi moja ya vyumba vinne, 9,000 kwa usiku, ukigawanya kwa watu 12 kila mtu ni 750, na jikoni iko. Kitu kimoja cha kujua, Idd haina tarehe ya ukutani, inangoja mwezi uandame, kwa hivyo usikate tiketi ya kufika usiku wa mwisho, nenda siku tatu kabla, ukae, ungoje na wenyeji. Kungoja kwenyewe ni kutamu. Watu wako kwa paa wanaangalia juu, simu zinalia, na ghafla mtaa mzima unajua.

Kwa treni tulikaa upande wa dirisha. Kuna mwenzetu ana miaka 71, anakaa mtaa wa Umoja, ameishi Nairobi zaidi ya miaka 40 na hajawahi kuona ndovu, na mnajua mbuga yetu ya hapa Nairobi iko na simba na vifaru lakini ndovu wa porini haina. Tulipopita Mtito Andei tukaingia Tsavo, akawaona. Wekundu. Udongo wa kule ni mwekundu na wao wanajimwagia, kwa hivyo mtu wa mara ya kwanza anashtuka, ndovu mwekundu kama tofali. Alishika kioo kwa mikono miwili, hakusema kitu. Treni ikapita. Baada ya kama dakika kumi ndio akasema, "Mungu aliwaweka hapa siku hizi zote na mimi niko Umoja." Gari zima tulinyamaza.

Siku ya Idd asubuhi watoto wa mtaa walipita mlango kwa mlango wamevaa kanzu mpya na magauni ya kumetameta wanapewa mkono wa Idd, na mwenzetu alikuwa ametuwekea sarafu kwa bakuli ndio na sisi tuwape. Mimi Mluhya wa Vihiga, Mprotestanti, natoa mkono wa Idd Kibokoni. Tulikula mahamri na mbaazi asubuhi, mchana biriani, na nilimwona mwenzetu akihudumia meza yake, nikagundua simjui huyu mtu, miaka ishirini nilikuwa namjua tu na yunifomu. Nyumbani kwake ni malkia.

Jioni tulienda pale Mama Ngina, kando ya bahari, chini ya ile mibuyu mikubwa. Kuna watu wanauza mihogo ya kukaanga, wanaipasua katikati wanatia pilipili na ndimu. Nikanunua miwili. Nilikaa kwa ukuta nikiangalia meli kubwa ikipita kuingia Kilindini, iko karibu mpaka unaona watu wametundika nguo. Mhogo mmoja nilikula. Wa pili nikaushika mpaka ukapoa. Halafu mwenzangu mmoja, yeye pia ni mjane, akaja akakaa karibu na mimi, akauchukua mkononi mwangu polepole akaula. Hakuuliza ni wa nani. Sikuhitaji kumwambia.

Kama una safari ulipanga na mtu na huyo mtu hayuko, dada yangu, ndugu yangu, nenda. Usiende peke yako mara ya kwanza. Nenda na watu ambao wanaweza kukaa karibu nawe bila kuuliza.

Pesa nitasema kidogo tu. Usikope kwa simu ndio ulishe watu sikukuu. Pensheni haina ovataimu, ikiisha imeisha. Kwetu kila mtoto anakuja na kitu chake, mmoja sukari na majani, mwingine mchele, mwingine analipa gesi, tunaandikiana mwezi mzima mbele kwa kikundi cha simu na hakuna anayeaibika. Na mtoto akisema mwaka huu sina, anakuja na mikono mitupu na anakaribishwa vile vile, kwa sababu mtoto akijua atahesabiwa hatakuja kabisa.

Mwaka ujao chama chetu tunataka kwenda Jinja, tuone pale mto Naili unatoka ziwani. Uganda na Rwanda sisi Wakenya tunaingia na kitambulisho tangu 2014, pasipoti si lazima. Lakini kuna chanjo ya homa ya manjano, na hapa naongea kama nesi tena, sisi tuliopita miaka 60 tusiende tu kudungwa hivi hivi, umwone daktari kwanza, maana kwa umri wetu inaweza kuleta madhara kuliko kwa vijana, na ukikubaliwa udungwe siku kumi ama zaidi kabla ya kuvuka. Ukidungwa mara moja inatosha maisha yote, kwa hivyo wale mlishadungwa zamani tafuteni ile kadi ya manjano kwa masanduku yenu.

Wenzetu wawili wameniambia magoti hayatawaruhusu Jinja, kwa hivyo tuna nafasi mbili. Daftari iko na mimi hapa kwa mkoba, pamoja na dawa zangu. Chai iko nyuma na viazi vitamu, mkimaliza kunywa njooni mnione.